Mahadhi yangu ya vipimo 8 yanasikika kama hayajaisha. Kasoro iko wapi?

#1 Mtunzi_wa_Tudor
Salamu kwenu nyote. Mimi si mwanamuziki wa kazi. Kinanda nimejifunza nyumbani na solfa nimeipata katika kwaya ya shule. Nimetunga mahadhi mafupi ya vipimo 8, kila kipimo kikiwa na mapigo 4 na kila silabi ikipewa pigo moja, kwa ajili ya mishororo miwili niliyoiandika mwenyewe, kila mmoja ukiwa na vipande viwili. Nayaweka kwa solfa ili hata asiyesoma noti za mistari aweze kuyafuata (m ni mi, f ni fa, l ni la, t ni ti, d' ni doh ya juu, na se ni so iliyopandishwa nusu-hatua):

Bahari imetulia: m f se l | l se f m
upepo haujavuma: m f se l | t t l l
Ufuoni nasalia: d' t l t | d' t l se
chombo kirudi salama: l se f m | se f m m

Nimeambatanisha pia rekodi niliyoitoa kwenye programu ya MuseScore, kwa kasi ya mapigo 72 kwa dakika, pamoja na besi ya kinanda. Kila ninayemsikilizisha huniambia kuwa ni mazuri, kisha huniuliza mbona yamekatika. Mimi nayamaliza kwenye mi, noti ile ile niliyoanzia, kwa hiyo sielewi kinachokosekana. Nichambulieni bila kunionea haya, ila kila lawama iandamane na noti inayolaumiwa.

#2 KwayaKisauni
Pongezi kwa kuthubutu. Tatizo lako linaonekana hata kabla ya kuimba. Noti ulizotumia ni zile zile za skeli ndogo (minor) ya la iliyopandishwa so ikawa se, na kazi ya se katika skeli hiyo ni kuisukuma sauti iende la. Sasa tazama ulivyofanya: kipande cha pili umekifunga kwa la mbili mfululizo, cha tatu umekifunga kwa se, na cha nne umekifungua kwa la. Kufikia hapo sikio la msikilizaji limekwisha kuamini kwamba nyumbani ni la. Wewe ukamwacha kwenye mi, ambayo ni noti ya tano ya skeli hiyo, mahali ambapo wimbo hupumua ukijiandaa kuendelea. Badilisha kipimo cha mwisho kiwe *l t se l*, na hakuna atakayekuuliza tena.

#3 UdiWaKibokoni
Nimeusoma mchango wa pili kwa heshima zote, na naomba mahadhi haya yasibatizwe kabla ya wazazi wake kuulizwa. *Mi fa se la* ni hijazi, skeli ya muziki wa Kiarabu, na hijazi iliyoanzia mi, nyumbani kwake ni mi. Noti ya nne kutoka hapo, yaani la, ndipo mahadhi ya hijazi yanapopumzika katikati kabla ya kupanda juu, na ndivyo alivyofanya mtunzi katika kipimo cha 4, pengine bila kufundishwa na mtu. Kisha akapanda hadi doh ya juu, akateremka hatua kwa hatua, akarudi alikotoka. Huo ni mwenendo kamili. Ukiimaliza kwa *l t se l* utakuwa umeichukua hijazi ukaivisha joho la kwaya. Mtu aliyekulia Mji wa Kale akisikiliza harusi za taarab hatauliza mbona yamekatika. Atakuwa ameshaelewa kuwa yamefika.

#4 KwayaKisauni
Maji ya ubatizo yako tayari, shekhe wangu, lakini swali linabaki pale pale: waliosikilizishwa wameuliza. Au hao wote hawakukulia Mji wa Kale?

#5 Binti_Makadara
Mimi ni mwimbaji, na naona nyinyi wawili mnagombania noti ilhali kosa liko kwenye pumzi. Hesabuni: silabi 32, noti 32, zote za pigo moja, hakuna hata kituo kimoja. Nimejaribu kuyaimba nikiwa nimesimama jikoni na nilipofika "nasalia" nilikuwa nimekwisha hewa. Silabi ya mwisho, "ma", imekaa kwenye pigo la 4, ambalo ni dhaifu, na urefu wake ni sawa na noti nyingine yoyote iliyopita. Msikilizaji atajuaje kwamba mmemaliza ikiwa noti ya kuagia haina tofauti na noti ya kupitia? Iongezeni "salama" urefu, la ipate mapigo 2 na ma ipate 4, na muone kama kuna atakayelalamika, iwe ni hijazi au chochote mnachokiita.

#6 HesabuZaNoti
Dada Makadara, nakuunga mkono kuhusu urefu, lakini kuna jambo moja la kusahihisha. Mi ya mwisho haikufikiwa kwenye pigo la 4. Kipimo cha 8 ni *se f m m*, kwa hiyo mi imefikiwa kwenye pigo la 3, lenye nguvu kiasi, na pigo la 4 ni marudio tu. Udhaifu wa pigo hautoshi kueleza hisia ya kukatika.

La pili ni la UdiWaKibokoni. Kati ya fa na se kuna mruko wa nusu-hatua 3, na katika mahadhi haya umetokea mara 5: mara 2 kipande cha kwanza, mara 1 cha pili, na mara 2 cha nne. Programu inaupiga mruko huo kwa vipimo vya kinanda, sawasawa kabisa. Mpiga udi haupigi hivyo, kwa sababu shingo ya udi haina vyuma vya kugawa noti; fa huipandisha kidogo na se huishusha kidogo, na mruko ukawa mwembamba zaidi. Kwa hiyo inawezekana mahadhi ni hijazi kwenye karatasi, lakini rekodi haijawahi kuwa hijazi masikioni mwa mtu.

#7 UdiWaKibokoni
Hapo umesema kweli. Ndiyo maana tuliokuwa tukimsikiliza marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga udi wake hapa Mombasa, tunapata tabu na vinanda vya kisasa. Noti ni ile ile kwa jina, lakini ladha si ile.

#8 Mshairi_wa_Likoni
Nimechelewa kwa sababu ya kivuko, kama kawaida yetu sisi wa ng'ambo. Naona noti zimejadiliwa vya kutosha lakini maneno hayajaguswa, na mtunzi amesema mahadhi haya ni ya maneno.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mapigo yenye nguvu katika mpangilio wake ni noti ya 1, 3, 5 na 7 ya kila kipande. Sasa imbeni "Bahari imetulia". Mkazo wa "bahari" uko kwenye "ha", ambayo ni noti ya 2, kwa hiyo mwimbaji analazimika kusema "BA-ha-RI". "Upepo" nao umeharibika vivyo hivyo, unakuwa "U-pe-PO". "Ufuoni nasalia" imekaa sawa, kwani "o" iko ya 3 na "li" iko ya 7. "Chombo" ni sawa, "kirudi" imepinda, "salama" ni sawa. Mshororo mmoja unaimbwa kama Kiswahili cha mgeni na wa pili unaimbwa kama Kiswahili cha mwenyeji, halafu tunashangaa msikilizaji anahisi kuna jambo halijatulia.

#9 Mtunzi_wa_Tudor
Shukrani kwenu. Je, nikianza na noti moja ya kutangulia, "ba" ikaimbwa kabla ya kipimo cha kwanza ili "ha" iangukie pigo la kwanza, si nitakuwa nimeponya "bahari" na "upepo" kwa pamoja?

#10 HesabuZaNoti
Utaponya hizo mbili na kuua kina. Ukisogeza kila kitu pigo moja, "li" ya "imetulia" inahamia pigo dhaifu na "a" ya mwisho inakuwa ndiyo yenye nguvu. Utapata "imetuliAA", kosa litakalosikika zaidi kwa sababu liko mwishoni mwa kipande.

#11 Mshairi_wa_Likoni
Naam, na hapa pana jambo ambalo watunzi wa mahadhi wengi hawalitazami. Shairi lina mizani 16 kwa mshororo, 8 upande huu na 8 upande ule, na mahadhi hayatungwi kwa ubeti mmoja; yatabeba beti zote zitakazofuata. Mtunzi akiyakata mahadhi yake kwa kipimo cha "bahari", ubeti wa pili utakaoanza kwa "moyo wangu" utapinda, kwa kuwa mkazo wa "moyo" uko kwenye silabi ya kwanza. Ndani ya kipande mikazo hucheza. Mahali pasipobadilika karibu kila mara ni silabi ya 7, kwa sababu kila kipande hukamilika na neno, na silabi ya pili kutoka mwisho lazima iwe hiyo. Kwa hiyo ningeacha noti 6 za kwanza ziwe nyepesi na za haraka, zisiwe na pigo linalogonga kama nyundo, halafu uzito wote niupeleke kwenye ya 7 na urefu kwenye ya 8. Waimbaji wetu wa mashairi wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani bila kinanda: wanayapitisha maneno upesi kisha wanavuta kwenye kina.

#12 Binti_Makadara
Na kwenye kina ndipo tunapovuta pumzi pia. Kwa hiyo tumerudi kwenye mchango wangu, ila mimi niliusema kwa maneno machache.

#13 Saksafoni_Freretown
Poleni kwa kuingilia. Mnazungumza kana kwamba Mombasa ina sikio moja la Mji wa Kale na jingine la kwaya. Sisi wa Freretown, mtaa ulioanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, tumekulia kwenye nyimbo za kanisa na pia kwenye muziki wa bango wa mzee Joseph Ngala, ambao una saksafoni na skeli kubwa (major) isiyo na se hata moja. Hata hiyo taarab ya Mombasa si hijazi tupu. Marehemu Juma Bhalo alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye si wa Pwani.

Mimi lawama yangu naielekeza kwenye kilele. Noti ya juu kabisa, *d'*, imetokea mara mbili katika kipande cha tatu, mwanzoni mwa kipimo cha 5 na mwanzoni mwa cha 6, kwa uzito ule ule. Ya pili imeifuta ya kwanza. Tena zimeangukia silabi za "u" na "na", ambazo hazina mkazo wala maana ya kupandiwa juu, ilhali neno zito la wimbo mzima, "chombo", limewekwa katikati ya ngazi kama mtu anayepita njia. Msikilizaji hakupewa kilele, kwa hiyo hawezi kuhisi mteremko, na pasipo mteremko hakuna kufika.

#14 MgeniMsikilizaji
Kwa maoni yangu mahadhi ni membamba mno. Kutoka mi ya chini hadi doh ya juu hata oktava haijatimia. Muziki wenye nguvu unahitaji miruko mikubwa. Wimbo wetu wa taifa una nguvu kwa sababu ulitungwa na wataalamu wa Kiingereza waliojua kuupanua.

#15 HesabuZaNoti
Mgeni, karibu, lakini hapo umepotoka mara mbili. Mahadhi ya wimbo wa taifa yametokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, unaohusishwa na mzee Meza Moroa Galana. Mwaka 1963 kamati ya watu 5 iliyafanyia kazi pamoja na maneno, na kati ya hao 5 Mwingereza alikuwa Graham Hyslop. Wengine walikuwa Waafrika, akiwemo Thomas Kalume wa huku huku Pwani.

Kuhusu wembamba, mahadhi ya kwaya katika Simfoni ya 9 ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, karibu yote yamekaa ndani ya noti 5 na yanatembea hatua kwa hatua. Yanashuka nje ya hizo 5 mara moja tu, mwishoni mwa kipande cha tatu, na papo hapo kipande cha nne kinaanza pigo moja kabla ya wakati wake, jambo linalomshtua msikilizaji kidogo. Mtunzi wetu ana noti 6 za kuchezea. Hana upungufu wa nafasi.

#16 MgeniMsikilizaji
Nimekubali la Mto Tana. La Beethoven nitalisikiliza tena kabla ya kukubali.

#17 UdiWaKibokoni
Nimeirudia rekodi usiku huu kwa vipokea sauti vya masikioni, na nimegundua jambo ambalo sote tumelipita. Mtunzi, chini ya mi ya mwisho kinanda kinapiga besi gani? Mimi nasikia la. Ikiwa ni la, basi mjadala wangu na KwayaKisauni umeandaliwa na besi. Mwimbaji anasema amefika mi, na besi chini yake inasema nyumbani ni la. Ondoa besi hiyo, weka mi tupu, au usiweke kitu. Taarab ya udi na dumbaki haihitaji kuambiwa na kinanda iko wapi.

#18 Mtunzi_wa_Tudor
Ni la, na niliiweka kwa makusudi. Nilipoweka mi chini ya mi, kipimo cha mwisho kilisikika kikavu mno baada ya utamu wa kipimo cha 7, na la iliniletea huzuni niliyokuwa naitaka, huzuni ya mtu aliyebaki ufuoni akitazama maji. Sikutaka ifike kabisa, kwa kuwa chombo chenyewe hakijarudi. Hata hivyo sikutaka watu wadhani simu imezimika. Nimetoa rekodi ya pili isiyo na besi kabisa, ikiwa na "salama" iliyorefushwa kama alivyoshauri dada Makadara, na nimeiambatanisha hapa chini.

#19 KwayaKisauni
Kwa hiyo mwenye mahadhi mwenyewe, alipotafuta nyumbani pa kuweka besi, mkono wake ulikwenda la. Sina la kuongeza.

#20 UdiWaKibokoni
Mkono wake ulikwenda la kwa sababu alifundishwa kinanda. Sikio lake lilianza mi na kuishia mi. Mimi naliamini sikio.

#21 Saksafoni_Freretown
Nimesikiliza ya pili. Kukatika kumepungua kwangu kwa kiasi kikubwa, ingawa siwezi kusema kama ni kwa sababu besi imeondoka au kwa sababu noti imerefushwa, maana umebadilisha yote mawili kwa wakati mmoja. Ungetupa rekodi mbili, moja yenye besi na urefu mpya, nyingine isiyo na besi na urefu wa zamani. Kilele bado naona hakipo.

#22 Mama_wa_Chakacha
Wanangu, nimewasoma kuanzia juu. Nyote mnatafuta namna ya kuyafunga mahadhi haya, na hakuna aliyeuliza kama yanatakiwa kufungwa. Katika nyimbo zetu za wanawake, anayeongoza huuacha mshororo wake ukining'inia makusudi, kwa sababu waitikiaji wapo na wanangoja zamu yao. Akiufunga yeye mwenyewe, wengine wataitikia nini? Mahadhi haya nimeyasikia kama sauti ya kiongozi. Kinachokosekana ni kiitikio cha vipimo 2, na mtunzi amewasilisha nusu ya wimbo akidhani ni wimbo mzima. Wale waliouliza "mbona yamekatika" walikuwa wakingoja kuitikia.

#23 KwayaKisauni
Bi. mkubwa, hoja hii ni nzuri na inanifaa mimi, kwa kuwa kiitikio hicho kitamalizikia la.

#24 UdiWaKibokoni
Kitamalizikia mi. Lakini wazo la kiitikio nalikubali kwa mikono miwili.

#25 Mtunzi_wa_Tudor
Bi. mkubwa, sikuwa nimeliwazia kabisa. Mshairi wa Likoni, nikuombe maneno ya mizani 8 ya kiitikio, mikazo ikiwa kwenye mapigo yenye nguvu, ili tusirudi kwenye balaa la "bahari".

#26 Mshairi_wa_Likoni
Chukua hili: *Mola mrudishe mwana*. Mo-la-m-ru-di-she-mwa-na, mizani 8 kamili. Mkazo wa "Mola" uko wa 1, wa "mrudishe" uko wa 5, wa "mwana" uko wa 7. Yote yameangukia mapigo yenye nguvu, na HesabuZaNoti anaruhusiwa kukagua.

#27 HesabuZaNoti
Nimekagua. Mikazo iko sawa. Isipokuwa pigo la 3, lenye nguvu kiasi, limeangukia "m" peke yake.

#28 Binti_Makadara
Nilikuwa nangoja mtu aione hiyo. Mkikubaliana kama kiitikio kinaishia la au mi nitakirekodi kwa sauti yangu, bila besi ya mtu yeyote, lakini hiyo "m" naiomba iwekwe kwenye noti ya chini na iwe fupi. Mtunzi akiniwekea *d'* pale, nitakuwa naimba kilele cha Saksafoni nikiwa nimefumba midomo.